Sura ya Tano: Kurudisha Sikio Nyumbani

Ngozi ya zeze ndiyo inayoniambia nimefika wapi. Mwezi wa tisa, nikitoka Isimani, ngozi imekaza hadi inalia ukiigusa kwa ukucha. Udongo umepasuka, mibuyu haina jani, upepo kutoka Mtera unakausha hata midomo. Nikipanda hadi Iringa mjini bado iko sawa. Nikipita Ifunda inaanza kupoa. Basi likisimama Mafinga kwenye ukungu wa Mufindi, wauza mahindi ya kuchoma wakitembea kama vivuli pembeni mwa madirisha, nalipapasa zeze ndani ya blanketi na kukuta ngozi imelegea. Ukiteremka Makambako kuelekea uwanda wa Usangu, joto la mashamba ya mpunga ya Igurusi linaikaza upya. Kisha unapanda Uyole, unashika njia ya Tukuyu, ukanda wa mvua, ambako Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hapo ngozi inakuwa kama kitambaa kilichotoka kufuliwa.

Kwa hiyo kila ninapofika, kabla ya kuulizia chakula au pa kulala, naomba moto. Wenyeji wanaonijua huniwekea makaa mapema. Nakishika kibuyu mbali kidogo na jiko, nakigeuza polepole, nagonga, nasikiliza. Ukiharakisha, ngozi inachanika, na ngozi ya kiraka haikai siku hiyo hiyo. Nimekaa hivyo nyuma ya kumbi za harusi, nyuma ya makanisa, nyuma ya vilabu vya pombe, miaka zaidi ya 20 sasa. Wanaokuja kusikiliza muziki hukuta umeshaiva. Mimi nalijua jiko.

Marehemu baba alikuwa Mgogo. Alivuka kuja kulima Isimani miaka ya 1950, wakati nchi hii ilipokuwa inafyekwa kwa mahindi na watu wakihamia kutoka kila upande. Mama ni Mhehe. Ndiyo maana nyumbani kwetu kulikuwa na vyombo viwili. Baba alikuwa na zeze. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa na ligombo, ule ubao uliochongwa kama hori jembamba, waya mmoja ukipita juu yake mara kadhaa na kibuyu kikiongeza sauti. Kwa ligombo Wahehe walisimulia mambo ya watemi na vita. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, sauti za ligombo za Uhehe zilikuwa miongoni mwa alizochukua, na hazina yake leo inatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Mjomba hakuwahi kurekodiwa na mtu. Alipofariki, ligombo lake lilibaki limeegemea ukuta wa ghala mpaka mchwa wakalimaliza. Nilikuwa na miaka 15. Nilipita pale kila siku na sikulinyanyua. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na naamini sehemu ya safari zangu zote ni kulilipia.

Nianze na chombo chenyewe, kwa sababu wengi wanaonialika hawajawahi kukishika.

Zeze langu la safari lina nyuzi mbili. Kibuyu nimekipanda mwenyewe ukutani mwa jiko. Mmea huo nauacha utambae juu ya bati, na sivuni hadi mkia wa kibuyu ukauke wenyewe, maana kinachovunwa kibichi hunywea na sauti yake huwa ya puani. Fimbo inapenya kibuyu upande hadi upande. Nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli niliousokotoa na kutoa uzi mmoja mmoja. Wazee walitumia mishipa ya wanyama, na sauti yake ilikuwa laini zaidi, lakini mishipa haiwezi kuvumilia Mafinga na Igurusi kwa siku moja. Upinde una nyuzi za mkonge.

Mkonge mtupu ukiupitisha kwenye waya hautoi kitu. Lazima upakwe ulimbo ili ushike. Zamani tulikwangua utomvu wa miti ya porini, na kila mpigaji alikuwa na mti wake ambao hakuuonyesha kwa mtu. Siku hizi napata utomvu wa misindano kutoka Sao Hill, lile shamba la miti la Serikali kule Mufindi, kubwa kuliko mengine yote nchini, ambako sasa watu hugema utomvu kama wanavyogema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kijana mmoja wa Mafinga huniwekea kopo. Ukiwa mbichi unanata kama asali chafu. Nauchemsha nje, mbali na nyumba, kwa moto mdogo sana, hadi tapentaini yote iruke. Kinachobaki kikipoa kinakuwa kigumu, chenye rangi ya chai ya rangi, na kinapondeka kwa jiwe. Ndicho kile kile ambacho wapiga fidla wa Ulaya, na wa vikundi vya taarabu vya Unguja, hununua dukani kikiwa kwenye kikasha chenye kitambaa. Nilipogundua hilo nilifurahi kwa siku nzima. Fidla ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, na zeze la Isimani vinakula chakula kimoja.

Ngozi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Baba aliwamba zeze lake kwa ngozi ya kenge, na hakuna ngozi nyingine inayoimba namna ile. Lakini kenge ni mnyamapori. Kwa sheria za hapa ngozi yake ni nyara ya Serikali, na jamii yote ya kenge imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya viumbe wa porini. Mpigaji anayetaka kuvuka mpaka wa Tunduma na ngozi ya kenge mkononi anatafuta kulala ndani. Nikahamia mbuzi. Mbuzi dume, aliyechinjwa kiangazi, ngozi ya tumboni na si ya mgongoni. Inachukua kama mwaka mmoja wa kupigwa kabla haijaanza kusema kweli.

Sasa nieleze jambo ambalo sura hii imeandikwa kwa ajili yake.

Funga waya mmoja, uupige wazi. Kisha uguse katikati yake kwa ncha ya kidole bila kukandamiza. Itatoka sauti ile ile, juu zaidi. Gusa kwenye theluthi, itatoka nyingine. Gusa kwenye robo, kwenye sehemu ya tano, ya sita. Ngazi hii ya sauti haikutungwa na mtu yeyote. Imo ndani ya waya, kama ilivyomo ndani ya koo na ndani ya filimbi, na waya wa Marekani na waya wa Isimani zinaimba ngazi moja. Wagogo wameujenga muziki wao juu ya sehemu ya ngazi hiyo, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Waimbaji wanapoachana njia na kukutana tena, wanakutana kwenye vidato hivyo. Ndiyo maana kundi la Wagogo likiimba wanawake na wanaume pamoja, mtu asiyewahi kulisikia husimama. Anasikia kitu kilichonyooka kuliko alivyozoea.

Kinanda kimetengenezwa kwa hesabu nyingine. Oktava imekatwa vipande 12 vilivyo sawasawa, ili fundi aweze kuhama kutoka kii moja kwenda nyingine bila kukifunga upya. Ni mpango mzuri na umeipa dunia muziki mwingi ninaoupenda. Lakini ili vipande vilingane, karibu kila sauti imesogezwa kidogo kutoka mahali pake. Sauti ya saba kwenye ngazi ya waya iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kwenye karatasi ni kidogo. Sikioni ni mlango mzima. Sauti hiyo ya saba ndiyo roho ya nyimbo zetu za usiku, na ukiipandisha hadi kwenye kinanda wimbo unabaki na maneno yake yote ila umepoteza ulichokuwa unaomboleza.

Mwaka mmoja nilialikwa studio jijini Mbeya. Kijana aliyenirekodi alikuwa fundi wa kweli, mwenye adabu, na alikuwa ametayarisha ngoma na gitaa la besi tayari. Nikapiga. Akasikiliza, akakunja uso.

"Mzee, zeze lako halikai kwenye kii."

"Linakaa, mwanangu. Liko kwenye kii yake."

"Nitalinyoosha kidogo tu kwa mashine. Wewe pumzika, baba, kunywa chai."

Nikanywa chai. Aliponirudishia, kila sauti ilikuwa imesukumwa hadi kwenye kidato cha kinanda kilicho karibu. Nikasikia zeze la baba likizungumza kwa meno ya bandia. Sikumlaumu. Alikuwa amefanya alichofundishwa, na alikifanya vizuri. Nilimwomba tu tuzime gitaa, tuanze upya na zeze peke yake, kisha besi ilifuate zeze. Tulikaa hadi saa nane usiku. Alikuja kuelewa, na alichokipata mwishoni bado nakipenda, ingawa mwenye kazi alichagua ile iliyonyooshwa.

Wakati huo nilidhani hatari iko kwenye mashine. Nilikuwa sijajua kwamba iko pia kwenye sikio langu.

Kwanza nimkumbuke Hukwe Zawose, kwa sababu hakuna mpiga zeze wa Tanzania anayeweka mguu barabarani bila kukanyaga alama zake. Alitoka Ugogo, mchungaji na mwana wa mpiga zeze. Mwalimu Nyerere alimsikia miaka ya 1960 na kumwita Dar es Salaam. Baadaye akawa mwalimu Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Alitengeneza mazeze makubwa ya nyuzi nyingi ambayo wazee wake hawakuwahi kuyaona. Alizunguka dunia. Mwaka 1996 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake iitwayo *Chibite*. Ukikijua Kigogo unalitabasamia jina hilo: maana yake ni twende. Alifariki Desemba 30, 2003, na mpwa wake Charles, aliyekuwa akiimba na kupiga naye, akamfuata mwaka 2004.

Mimi humfikiria zaidi katika jambo moja. Mtu aliyetolewa kwao akawekwa pwani, kwenye unyevu wa bahari, penye taarabu na dansi, aliwezaje kulinda sauti ya saba kwa zaidi ya miaka 30? Nimekuja kuamini kwamba alikibeba kijiji. Aliishi Bagamoyo na familia kubwa, ndugu, watoto, wapwa, na wote waliimba. Kila asubuhi palikuwa na masikio ya Kigogo yakimzunguka. Mabinti wa ukoo huo, Pendo na Leah, walitoa albamu yao *Maisha* mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens, wakipiga vyombo ambavyo kwa desturi yetu mwanamke hakupewa. Nikawasikiliza nikitafuta sauti ya saba. Ipo mahali pake.

Mimi sina ukoo wa kusafiri nao. Nina kijiji kisichosogea, kwa hiyo ni lazima mimi ndiye nisogee, niende na nirudi.

Kwenda kuna gharama zake. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na zeze haliendi kwenye buti. Mazungumzo na makonda nayajua kwa moyo.

"Mzee, hicho kibuyu weka chini."

"Mwanangu, kikilaliwa na viroba vya viazi hakitafika."

"Basi kikatie tiketi."

Mara nyingi nakikatia. Napakata blanketi langu na siti ya pembeni inabaki na kibuyu, na abiria wanaoingia Nyororo wanakiangalia kama mtoto wa mtu. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, waalikaji wengi wananitaka nipige jioni, nipande basi usiku, nipige kwingine mchana wake. Nimejaribu. Makambako usiku wa mwezi wa saba, upepo ule, ngozi inateseka na mwili pia. Nikipewa nafasi ya kuchagua, na siku zikikubaliana na ratiba, kutoka Mbeya kuelekea Makambako huchukua treni ya TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi haina matuta. Ndani ya behewa unaweza kulifungua zeze, na watu husogea wenyewe. Kipande kigumu kuliko vyote cha njia hiyo, Makambako hadi Mlimba, chenye mahandaki na madaraja, nimekipita mara chache nikielekea Kilombero, na ndani ya handaki zeze linajibiwa na mawe.

Ninakopata mkate wa kila siku ni kwenye harusi, kipaimara na mahafali. Wageni wanaoelekea hifadhi ya Ruaha hunikuta mara mojamoja kwenye kambi za njia ya Tungamalenga; wanalipa vizuri na wanasikiliza kwa heshima, kisha wanalala mapema. Tukuyu, kunakofanyika tamasha la ngoma za jadi la Tulia, nimeona Wanyakyusa wasiojua neno hata moja la Kigogo wakiingia uwanjani na kucheza juu ya zeze kwa mwendo wao wenyewe, na bibi mmoja akaja kunishika mikono yote miwili, "ndaga, ndaga," yaani asante, machozi yakimtoka. Sikujua nimepiga nini kilichomgusa. Nilipomaliza nilimuuliza. Akasema mumewe alikuwa na sauti kama ile ya chini.

Ila mahali ninapojifunza zaidi ni kilabuni, msimu wa ulanzi. Mvua zikianza, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha na kugemwa asubuhi na jioni, kutoka Iringa na Mufindi hadi Njombe, na njia zote zinajaa madumu yaliyolegezwa vifuniko ili povu lipumue. Siku ya kwanza ni mtogwa, mtamu, hata watoto wanaonjeshwa. Ukikaa unakuwa mkangafu. Kilabu hakina jukwaa. Unakaa kwenye benchi na wenzako, unapiga. Hawapigi makofi. Wakipenda, mtu anakutunza, anaweka noti chini ya mguu wako au anakumiminia. Wasipopenda, wanaendelea kuzungumza. Mzee mmoja wa pale Ilula, akinisikia naanza wimbo kwa haraka, aliweka kikombe chini akasema, "Kamwene, mwanangu. Kwani unakimbizwa na nani?" Nikaanza upya, polepole. Akakinyanyua kikombe chake. Sijapata mhakiki wa gazeti aliyenisaidia kama yule.

Sasa nirudi kwenye sikio.

Kuna msimu mmoja nilikaa barabarani wiki saba mfululizo. Makambako, Njombe, Mbeya, Tukuyu, Kyela. Kazi nyingi zilikuwa pamoja na kwaya na bendi zenye kinanda, na mimi, ili nisiwaharibie, nilikuwa nikisogeza kidole kidogo juu. Kidogo tu, kila usiku. Nikafika nyumbani na fedha za kutosha kununua mabati ya jikoni. Jioni nikachukua zeze nimpigie shangazi, dada yake baba, ambaye ana umri wa kutosha kunikumbuka nikiwa sijaota meno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Haya, piga tusikie."

Nikapiga wimbo wa kaka yake. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, ni wimbo wa wapi huo.

Nilidhani uzee umemchukua kumbukumbu. Nikamwambia ni wa baba. Akatikisa kichwa. "Maneno ni yake," akasema.

Sikulala vizuri. Kidole kilikuwa kimejifunza njia mpya bila kuniuliza, na sikio lilikuwa limekubali. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna mashine iliyonigusa. Wiki saba tu za kuwa mwungwana kwa vinanda vya watu. Tangu mwaka ule nimejiwekea sharti: sivuki wiki tatu bila kurudi Isimani, hata kama kazi iliyoko mbele ni nono. Nimepoteza mialiko kwa ajili hiyo. Kuna waalikaji wanaodhani najivuna, na wengine wananishauri nihamie mjini, Forest ya Mbeya au Kihesa pale Iringa, karibu na stendi na studio. Nawaelewa. Mjini ningekata nusu ya nauli.

Lakini asubuhi inayofuata kila ninaporudi, kabla sijaenda shamba, nachukua kigoda na kwenda uani kwa shangazi. Anatoa muheme wake, ile ngoma ya kike yenye kiuno chembamba, anaibana katikati ya mapaja. Haipigi kwanza. Anaimba sauti moja, ndefu, bila neno. Nasogeza kidole hadi nadhani nimefika.

"Bado," anasema.

Nashuka tena, unene wa unywele. Kuku wanapita kati yetu. Jirani anayekwenda kisimani anasimama na ndoo yake, anasikiliza.

"Bado."

Nashuka kidogo zaidi, na waya unatulia kwapani mwa sauti yake, kiasi kwamba sijui tena ipi ni ya kwangu. Safari hii shangazi hasemi kitu. Anafumba macho na kuanza kupiga ngoma.